Mtoto aliyeitwa hatari ya moto

Tulipoongea juu ya chanjo ya polio wengi mliniuliza: sister, mtoto akishapooza ndiyo basi tena? Leo nawajibu kwa kumkumbuka mwanamke mmoja, Judith Heumann, wenzake walimwita Judy. Alifariki Machi 4, 2023, Washington, akiwa na miaka 75.

Judy alikulia Brooklyn, New York. Polio ilimpata mwaka 1949, ana mwaka na nusu tu. Chanjo ilikuwa bado. Ya kwanza ilianza kutolewa 1955. Kirusi cha polio huingia kwa mdomo, kikifika kwenye uti wa mgongo kinaharibu neva zinazoamuru misuli. Akili hakiigusi. Judy hakutembea tena, lakini kichwa chake kilikuwa kizima kabisa.

Daktari akawashauri wazazi wampeleke kwenye kituo akalelewe huko. Wakakataa. Wale walikuwa Wayahudi waliotoka Ujerumani wakiwa wadogo, na wazazi wao waliuawa na Wanazi. Walijua vizuri kwamba mtu akishaondolewa machoni pa watu, lolote linaweza kumpata.

Alipofika miaka mitano, mama yake, Ilse, alimpeleka shule ya mtaani kama mzazi mwingine yeyote. Mkuu wa shule akawazuia mlangoni: kile kiti cha magurudumu ni hatari moto ukitokea. Jamani! Mtoto wa miaka mitano, hatari ya moto. Akaletewa mwalimu nyumbani, saa mbili na nusu tu kwa wiki nzima. Ilse hakukaa kulia. Alipiga simu, akasumbua ofisi, akaungana na wazazi wenzake, mpaka Judy akaingia darasani ana miaka kama tisa. Na sekondari nayo ilibidi wazazi waipiganie upya.

Mbegu ile ikaota. Mwaka 1970 Judy, sasa ana shahada, akanyimwa leseni ya ualimu New York. Sababu? Moto tena: eti ataokoaje wanafunzi? Akaenda mahakamani, akapata leseni, akafundisha.

Halafu ikaja 1977. Sheria ya 1973 ilikataza taasisi zinazopokea fedha za serikali ya Marekani kubagua watu wenye ulemavu, ila kwa miaka minne hakuna waziri aliyesaini kanuni zake. Bila kanuni, sheria ni karatasi. Aprili 5, Judy na wenzake zaidi ya 100 wakaingia jengo la serikali San Francisco na kugoma kutoka. Walikaa zaidi ya wiki tatu.

Hapa mimi kama nesi ndipo nguo zinanivuka. Humo ndani kuna watu wasioweza kujigeuza usiku, na mnajua asiyegeuzwa anapata vidonda. Kuna wenye mipira ya mkojo, kuna wenye dawa za kuhifadhi kwenye baridi. Simu zikakatwa; viziwi wakawa wanapeleka ujumbe nje kwa lugha ya alama kupitia madirishani. Chama cha Black Panther kikaleta chakula cha moto kila siku. Waligeuzana, walilishana, walivumiliana. Aprili 28 waziri akasaini.

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu kliniki bado tunaletewa mtoto wa miaka mitatu ambaye hajawahi kuonwa na majirani. Amefunikwa khanga gubigubi, mama anaongea kwa kunong'ona, na nyumbani wameshamwambia ni mkosi wa ukoo wake. Mama huyo hahitaji kugombezwa, amechoka. Anahitaji mtu wa kumshika mkono.

Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa aina hii, nisikilize. Mlete mapema, mazoezi ya viungo yakianza mapema yanasaidia kuzuia misuli kukakamaa. Mtoe nje, acheze na wenzake. Umri wa shule ukifika, kamwandikishe. Wakikurudisha, waambie Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na elimu ni haki yake humo. Usiende peke yako, tafuta wazazi wenzako. Hata Ilse hakushinda akiwa peke yake.

Na wewe ambaye wako wanakimbia, mzima wa viungo: mwanao akiuliza kwa sauti mbona yule hatembei, usimzibe mdomo. Mwambie, kamsalimie, muulize jina lake.

Judy aliwatetea mamilioni. Ila wa kwanza kumtetea yeye alikuwa mama yake, na hakuwa na cheo chochote.

Matone ya polio msisahau: akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Usiku mwema.