Java iko hai, lakini mlinzi haioni

Kwa siku mbili, hospitali moja mjini Bunia inayotibu watu wengi waliokimbia vita wilayani Djugu ilikaa na hofu. Katika biro ya ordinatere, programu mpya ya uangalizi iliandika kwenye skrini: Java, sifuri. Kwa asiyejua, maana yake ni kwamba programu tatu za hospitali zimekufa zote: ile ya kuandikisha wagonjwa, ile ya famasia na ile ya maabara. Lakini kwenye dirisha la mapokezi foleni ilikuwa ikisonga, na mama muuguzi aliandika majina bila shida yoyote.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Katika mashine hiyo mna orodha ya familia zilizohama zinazotibiwa bila kulipa. Mama akifika na mtoto mwenye homa, jina lake likionekana, anapita. Lisipoonekana, anaulizwa karatasi, na wengi waliacha karatasi zao katika nyumba zilizochomwa moto. Mwezi uliotangulia, programu ya kuandikisha ilijaza kumbukumbu yake katikati ya mchana ikasimama. Wauguzi wakarudi kwenye fishi za karatasi. Watu waliotoka kambini kwa miguu waliambiwa warudi kesho yake. Baada ya siku hiyo hospitali iliamua kuweka mlinzi, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya ordinatere, inayoangalia kumbukumbu inavyojaa, na kupiga kelele kabla mambo hayajaharibika.

Programu za namna hii ziko nyingi katika kazi ya afya. Hata DHIS2, ambayo Kongo inaitumia kukusanya ripoti za vituo vya afya, imeandikwa kwa Java. Java ina desturi yake: kila programu huwekewa kipimo cha kumbukumbu, na ikikifikia, inaanza kuhangaika hadi inasimama, hata kama ordinatere yenyewe bado ina nafasi. Kwa hiyo kutazama ordinatere kwa nje hakutoshi. Mlinzi lazima azione programu za Java moja moja.

Daktari mkurugenzi alipoona sifuri ile, alitaka mashine izimwe na kuwashwa upya.

– Fundi, zima yote, uwashe tena. Hatutaki yale ya mwezi uliopita.

– Dokta, naomba tusizime, alijibu fundi. Mama pale dirishani anaandika. Kama Java ingekuwa imekufa, asingeandika hata jina moja. Hapa mgonjwa ni mlinzi.

Fundi huyo ni kijana ambaye naye alikimbia Djugu pamoja na mama yake na wadogo zake. Alijifunza ordinatere mjini, akilala kwa shangazi yake. Muuguzi alipomwuliza kitu kinawezaje kuwapo na kuhesabiwa sifuri, alimkumbusha kazi ya reko.

– Mama, reko akipita kambini peke yake, ataandika walio kwenye hema. Sisi tuliopokelewa na jamaa mitaani, atatuandika wapi? Ataandika sifuri, na sisi tupo.

Mkurugenzi alimpa muda hadi jioni.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuuliza ordinatere yenyewe. Amri ya ps, inayoorodhesha kila kinachoendeshwa, ilionyesha Java tatu, kila moja na namba yake na mtumiaji wake. Basi zote zilikuwa hai. Swali likawa moja tu: mlinzi anatafuta wapi?

Java inapowashwa huacha alama. Kwenye folda ya muda iitwayo /tmp, inafungua folda yenye jina hsperfdata_ likifuatwa na jina la mtumiaji aliyeiwasha. Ndani yake inaweka faili ambalo jina lake ni namba ya mchakato. Amri ya jps, ambayo huja pamoja na vifaa vya waandishi wa Java, inasoma alama hizo. Walinzi wengi hufanya vilevile. Hawahesabu Java zenyewe, wanahesabu alama zake. Alama isiposomeka, kwao programu haipo.

Fundi aliendesha jps kwa jina la mtumiaji wa mlinzi. Jibu lilikuwa mstari mmoja tu: jps ilijiona yenyewe. Hapo akapata sababu ya kwanza. Faili la alama husomwa na mwenyewe aliyeliweka. Programu ya famasia iliwashwa na mtumiaji wake, mlinzi ana mtumiaji mwingine, na mlango ukabaki umefungwa. Alipoendesha jps kwa jina la mtumiaji wa famasia, programu ikaonekana mara moja. Hakumpa mlinzi mamlaka yote ya root, ingawa ndiyo njia ya mkato ambayo wengi huikimbilia. Alimruhusu, kwa njia ya sudo, kuendesha amri hiyo moja kwa jina hilo moja. Mlinzi aliyepewa funguo zote za nyumba, siku akiibiwa, nyumba nzima imeibiwa.

Programu ya kuandikisha wagonjwa ilikuwa ngumu zaidi. Inaendeshwa juu ya Tomcat, na hata kwa jina la mtumiaji wa Tomcat, jps haikuona kitu. Jibu lilikuwa kwenye faili la systemd linalowasha Tomcat, katika mstari unaosema PrivateTmp=yes. Mstari huo unaipa huduma folda yake ya /tmp, iliyotengwa na ya wengine. Tomcat iliweka alama yake vizuri kabisa, lakini katika chumba ambacho mlinzi hakijui. Fundi alipoingia kama root na kufungua folda zinazoanza na systemd-private ndani ya /tmp, aliikuta hsperfdata_tomcat imekaa humo.

Angeweza kuandika no mahali pa yes, na kazi ingekwisha. Hakufanya hivyo. Ukuta huo uliwekwa ili huduma moja isichezee faili za muda za nyingine, na majina ya wagonjwa yanastahili ukuta. Badala ya kuubomoa, alichagua kufungua dirisha dogo: njia ya JMX, ambayo Java yenyewe inayo kwa kazi ya kuulizwa hali yake. Aliiweka isikilize kwenye anwani 127.0.0.1 tu, yaani ndani ya ordinatere ileile, na kwa neno la siri. Hivyo mlinzi hatafuti alama tena, anauliza na anajibiwa. Lakini Tomcat lazima iwashwe upya ili ikubali mpango huo. Mkurugenzi alikubali ifanyike saa tatu ya usiku, baada ya mgonjwa wa mwisho na baada ya data kunakiliwa kwenye diski nyingine.

Ikabaki maabara. Hapo folda ya alama ilikuwepo, tena mahali pake pa kawaida, lakini ilikuwa tupu. Programu ilikuwa imeendeshwa wiki tatu bila kuzimwa. Mifumo mingi ya Linux ina mfagiaji, systemd-tmpfiles, na mara nyingi amepangwa kuondoa katika /tmp faili ambazo hazijaguswa kwa siku 10. Mfagiaji hakujua kwamba faili lile ni la programu iliyo hai. Java yenyewe haikuumia, kwa kuwa ilikuwa tayari imelishika faili katika kumbukumbu yake. Ila kwa anayetazama kutoka nje, alama ilikwisha. Dawa ilikuwa mstari mmoja katika folda ya /etc/tmpfiles.d, unaoanza na herufi x na kutaja /tmp/hsperfdata_*, kumwambia mfagiaji asiguse hapo. Usiku ule maabara nayo ikawashwa upya, alama ikarudi.

Mafundi wa hospitali nyingine na wa mashirika wanaokutana na sifuri kama hii wajue kuna sababu nyingine pia. Pengine ordinatere haina jps kabisa, kwa kuwa iliwekwa Java ya kuendesha programu peke yake bila vifaa vyake. Pengine diski imejaa na alama haikuweza kuandikwa. Pengine aliyewasha programu aliweka -XX:-UsePerfData au -XX:+PerfDisableSharedMem, na hapo Java haiachi faili la alama kwa wengine. Pengine programu iko ndani ya kontena na mlinzi yuko nje. Katika hali zote hizo utaratibu ni uleule: tazama kwanza kwa ps kama mchakato upo, angalia ni wa mtumiaji gani, kisha tafuta alama yake iko wapi. Kuzima na kuwasha kuje mwisho, kwa saa iliyochaguliwa. Kuwasha upya kunaweza kurudisha alama kwa siku chache na kuficha sababu, halafu sifuri inarudi wakati fundi hayupo.

Katika hospitali ile, mlinzi ameshafanya kazi yake mara moja. Siku moja ya chanjo, saa nne ya asubuhi, aliarifu kwamba kumbukumbu ya Tomcat inapanda bila kushuka. Fundi alikuta ripoti kubwa ya mwaka mzima imeombwa mara nne na mtu aliyedhani kitufe hakifanyi kazi. Ripoti ilisimamishwa, kumbukumbu ikashuka, na foleni haikusimama hata dakika.

Sasa kuna daftari katika biro ya ordinatere. Kila programu ya Java inayowashwa inaandikwa humo kwa kalamu: jina, mtumiaji, tarehe. Kila Ijumaa mama muuguzi na fundi wanalinganisha daftari na skrini. Namba zikitofautiana, hawaamini upande wowote mpaka wameendesha ps. Ijumaa iliyopita daftari lilikuwa na tatu, na skrini tatu.