Ngozi ya Gari

Watu wa Morogoro tumezoea kuuita mji wetu "mji kasoro bahari". Milima tunayo, mito tunayo, matunda hatukosi. Kilichopungua ni bahari tu. Hata hivyo, kila gari linaloingia mjini kwetu huja limeibeba bahari hiyo mgongoni. Kwa walio wengi, gari "jipya" ni lile lililokwisha kutumika Japani, likapakiwa melini, likashushwa bandarini Dar es Salaam, kisha likapandishwa kwa barabara kiasi cha kilomita 190 kupitia Chalinze. Kila kituo hulipa zawadi yake: chumvi ya baharini, chembe za chuma zitokazo kwenye breki, madoa ya lami, utomvu wa miti, na mwisho vumbi letu jekundu. Ukilitazama kwa mbali linang'aa, na mwenyewe hutamani kulipaka nta siku hiyo hiyo.

Mpwa wangu alikuwa na tamaa hiyo. Alikuwa amepata gari lake la kwanza, dogo, jeusi, kwa mkopo wa chama cha kuweka na kukopa ambao ataulipa kwa miaka mitatu. Alikuja nalo kwangu, upande wa Bigwa, akiwa na kopo la nta na fundi kijana mwenye mashine ya kusugulia rangi.

"Shikamoo, mjomba. Nataka ling'ae kabla mama hajaliona."

"Marahaba. Litang'aa, lakini si kwa haraka hiyo."

Kwetu Waluguru, mjomba ana sauti katika mambo ya wapwa zake, na siku ile niliitumia.

Nta, ndugu msomaji, haichagui. Ile iliyo bora hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Mti wenyewe huivaa ili jua kali lisiyakaushe majani yake. Kazi ya nta ni kufunika na kulinda, basi. Ukiipaka juu ya rangi safi, italinda rangi safi. Ukiipaka juu ya chumvi na lami, itavifunika navyo pia, nawe utakuwa umeutunza uchafu kwa gharama yako.

Kwa hiyo tulilisogeza gari kivulini, tukangoja bati lipoe, maana sabuni ikikaukia kwenye bati la moto huacha alama. Tukalimwagia maji kwanza ili mchanga ushuke wenyewe, kwani mchanga ukisuguliwa kwa kitambaa hugeuka msasa. Tulikuwa na ndoo mbili, moja ya sabuni ya magari, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Tulianza na paa tukashuka chini, magurudumu yakawa na kitambaa chake. Madoa ya lami tuliyafuta kwa mafuta ya taa kidogo sana, na pale pale tukapaosha tena kwa sabuni.

Gari lilipokauka, mpwa wangu alidhani tumemaliza. Nikampa mfuko mwembamba wa plastiki, mmoja wa ile iliyosalia nyumbani tangu katazo la 2019, nikamwambia auvae mkononi kama glavu na kupitisha vidole taratibu juu ya boneti. Mfuko huo huvifanya vidole vihisi yale ambayo mkono mtupu hauyahisi. Alishtuka. Rangi iliyoonekana laini kama kioo ilikuwa na vipele kama uso wa kijana aliyebalehe. Zile ni chembe zilizonasa kwenye rangi, ambazo sabuni haiziwezi. Huondolewa kwa kipande cha udongo maalumu, laini kama ule wa kuchezea watoto, unaopitishwa kwa wepesi juu ya rangi iliyoloweshwa maji ya sabuni. Kila baada ya muda unaukunja upate uso safi. Ukianguka chini, utupe, kwa sababu umekwisha okota mchanga.

Hapo fundi akaona zamu yake imefika. Boneti ilikuwa na mikwaruzo, miwili ikiwa mirefu, naye aliahidi kuifuta yote kwa mashine katika nusu saa. Nikamzuia, na hilo ndilo hasa lililonifanya niandike kurasa hizi.

Rangi ya gari ni tabaka juu ya tabaka: rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Katika magari mengi klia hiyo haizidi sana mikroni 40 au 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele. Mng'ao wote uko humo, na kinga ya jua imo humo. Mashine haiufuti mkwaruzo. Hushusha klia yote ya jirani mpaka ilingane na kina chake. Klia ikishaisha hairudi kwa nta.

Nilimpa mpwa wangu mfano wa milima aliyokuwa akiitazama mbele yake. Baada ya vita kuu ya pili, serikali ya kikoloni iliona udongo wa Uluguru unaporomoka, ikaanzisha mpango wa kuuhifadhi. Nia haikuwa mbaya. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko, na kwa mbali matuta yale yalipendeza macho. Lakini udongo wenye rutuba kule juu ni mwembamba. Jembe lilipochimba kwa kina, udongo mfu wa chini ulipanda juu na ule hai ukafukiwa. Wakulima walisema mapema kwamba mazao yatapungua, wala hawakusikilizwa. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akapigwa risasi akafa, na mpango ukaachwa. Waliochora mpango waliona sura ya mlima, hawakupima unene wa ngozi yake.

Sisemi kwamba gari ni sawa na shamba, wala mkwaruzo si sawa na uhai wa mtu. Nasema kwamba anayetaka kupendezesha kitu hana budi kwanza kutenganisha kilichoshikamana nacho na kilicho chake. Chumvi na lami si za gari, ziondolewe zote. Klia ni yake, iguswe kwa uchache.

Fundi hakukasirika. Aliiweka mashine kando, akasugua kwa mkono na pulishi laini, na mikwaruzo midogo ikafifia. Ile miwili mirefu tuliiacha. Tukafuta mafuta ya pulishi, kisha nta ikapakwa tabaka jembamba, ikakauka, ikafutwa. Kesho yake la pili.

Dada yangu alipoliona gari alilisifu, halafu, kwa jicho lake la mama, akaionyesha ile mikwaruzo.

"Na hii je?"

"Hiyo tumeikuta, mama," mpwa wangu akajibu. "Kuifuta ni kulichuna gari."