Daftari Tulilolifungia Kabatini



Juma hili tumeona vema tuyaweke kando maelezo ya masomo ya Dominika, tuwashirikishe jambo lililotukaa moyoni tangu Mwezi wa Marehemu uliopita. Jambo lenyewe ni daftari moja la shule, na kosa tulilolitenda sisi wenyewe juu yake. Wahusika wametupa ruhusa ya kulisimulia. Majina yao tunayahifadhi.

Daftari hilo lilitengenezwa na binti wa miaka 11, mwanafunzi wa mafundisho ya Kipaimara. Alizikata karatasi nusu kwa nusu, akazishona kwa uzi mweusi, akazivika jalada la boksi la biskuti. Ndani yake mlikuwa na hadithi 9, kila moja na picha yake ya kalamu ya wino. Katika kila hadithi mtoto mdogo wa kiume anapotea kwa namna ya ajabu. Mara amemezwa na ngoma ya harusi. Mara kishada kimemnyakua hadi mawinguni. Mara ameingia mtungini kuifuata sauti yake mwenyewe, asitoke tena. Na pembeni mwa kila picha yupo kuku aliyevaa kofia, ametulia, anatazama tu.

Aliyetuletea ni mama yake. "Baba Padri," alisema kwa sauti ya chini, "mtoto huyu ameingiliwa. Naomba ulichome moto hili daftari, kisha umwombee."

Tulifunua kurasa mbili tatu, nasi tukashtuka. Hatukulichoma, lakini tulilifungia kabatini. Tukamwita binti, tukampa maneno machache juu ya kuwaza yaliyo mema, tukamwekea mkono kichwani, tukadhani kazi imekwisha. Dominika tatu zikapita bila binti yule kuonekana kwenye mafundisho.

Kilichotuamsha ni kumbukumbu ya kitabu. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa masomoni Ujerumani, wenyeji wetu walitupeleka Frankfurt katika jumba la makumbusho la kitabu cha watoto kiitwacho Struwwelpeter. Mtungaji wake, Heinrich Hoffmann, alizaliwa katika mji huo mwaka 1809, na kazi yake ilikuwa udaktari. Desemba 1844 alizunguka madukani akimtafutia mwanawe Carl, aliyekuwa na miaka 3, kitabu cha picha kiwe zawadi ya Noeli. Alikuta mawaidha marefu na picha zisizo na uhai. Akarudi nyumbani na daftari tupu, akamwambia mkewe kwamba kitabu atakitengeneza yeye mwenyewe. Akatunga mashairi, akachora, akatia rangi kwa mkono wake. Marafiki walipokiona wakamhimiza akitoe; kikachapwa mwaka 1845, na nakala 1,500 za kwanza zikaisha upesi.

Asiyekijua angedhani ni kitabu cha upole. Sivyo. Kaspar, mtoto anayekataa supu, anakonda siku hadi siku, na siku ya tano yumo kaburini, bakuli lake la supu likiwa juu yake. Konrad ananyonya vidole gumba, na mara fundi cherehani anaingia mbio na mkasi mkubwa kuvikata. Paulinchen anachezea viberiti hadi anabaki majivu na viatu vyake tu, nao paka wawili wanamlilia hata machozi yao yanatiririka kama kijito. Wazungu wazima waliokuwa pamoja nasi walikuwa wakicheka huku wakijikunyata.

Tuseme ukweli, iko hadithi moja iliyotuchoma. Wavulana watatu wanamcheka mtoto mweusi apitaye njiani. Nikolas, mzee mrefu, anawakemea. Wasiposikia anawachovya katika wino hadi wanakuwa weusi kumpita yule waliyemdharau. Mtungaji alikusudia kukemea dharau, nasi twamshukuru kwa hilo. Hata hivyo, weusi wa ngozi yetu ameufanya adhabu. Kitu kilichotengenezwa kwa mkono hubeba macho ya aliyekitengeneza, na upofu wake pia.

Lakini lililoturudia akilini tukiwa mbele ya kabati letu ni namna Hoffmann alivyoipata njia ile ya kusimulia. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alipokwenda kuwatibu watoto majumbani, walimwogopa kupita kiasi, kwa sababu wakubwa walikuwa wamezoea kuwatisha kwamba wakikosa adabu daktari atakuja. Mtoto analia, anarusha miguu, hata kumshika mkono haiwezekani. Hapo daktari alichomoa kalamu na karatasi, akaanza kuchora upesi upesi na kusimulia juu ya kile anachokichora. Mtoto akanyamaza ili aone mwisho wake, naye daktari akapata nafasi ya kumpima. Picha zile za kutisha zilitokana basi na mkono uliokuwa ukituliza hofu ambayo wakubwa wengine waliipanda.

Nasi, Wapendwa, desturi hiyo ya kutisha tunaijua. "Ukilia namwita daktari akuchome sindano." Hata sisi mapadri hatukusalimika: "Subiri, nitakusemea kwa Padri!" Kisha tunashangaa watoto wanapotukimbia.

Yuko na mwingine tuliyemkumbuka, Mmarekani Edward Gorey, aliyezaliwa Chicago mwaka 1925 na kufariki mwaka 2000. Huyu alitunga vitabu vidogo vingi, akivichora kwa kalamu ya wino, mstari mwembamba juu ya mstari mwembamba, na hata maneno akiyaandika kwa mkono. Mwaka 1962 alianzisha Fantod Press ili atoe mwenyewe baadhi ya vitabu hivyo. Mwaka uliofuata kilitoka The Gashlycrumb Tinies, alfabeti ya herufi 26, na kila herufi ni jina la mtoto na namna alivyokufa. Mmoja anaanguka ngazini. Mwingine anakufa kwa uchovu wa kukosa la kufanya. Mara nyingi Gorey hachori ajali yenyewe, bali dakika ile ya kabla yake, wakati mtoto angali amesimama na nguo zake nadhifu. Katika jalada Mauti imevaa suti na kofia, imeshika mwavuli, na watoto wamejikusanya chini yake kama walio na yaya.

Tulipokiona kitabu hicho mara ya kwanza tulijiuliza: mtu mwenye akili timamu anachekaje na jambo hili? Baadaye tuligundua kwamba kicheko hicho si cha dharau. Kila mtoto amepewa jina, amepewa ukurasa wake, na mtu ameketi saa nyingi akimchora uzi kwa uzi. Anayedharau kifo cha mtoto hamchori kwa uangalifu namna hiyo. Tena hata bibi zetu hawakutuficha giza. Zimwi la hadithi zao lilimeza kijiji kizima na ng'ombe wake, nasi tulisogea karibu zaidi na moto, tukaomba lirudiwe. Tulistahimili kwa sababu bibi alikuwapo, na mwisho wa hadithi tulilala ubavuni pake.

Hapo tukatambua kosa letu. Tulikuwa tumelisoma daftari kama hakimu asomavyo kielelezo cha kesi, wala hatukumwuliza mtoto swali hata moja.

Tulilitoa kabatini, tukaenda nyumbani kwao jioni. Binti alitusalimu akitazama chini. Tukamwambia, "Mwanetu, tulikosa. Tumekuja utusomee wewe mwenyewe." Akamtazama mama yake. Mama akanyamaza, kisha akavuta kigoda.

Akatusomea zote tisa. Pale ngoma ilipommeza mtoto halafu ikaanza kupiga mlio wa kupiga chafya, sisi tulicheka tusijizuie, naye akainua uso kwa mara ya kwanza. Alipofika hadithi ya kishada, mama aliuliza polepole, "Huyu kuku… ni yule wa mdogo wako?"

Ndipo tulipoelewa. Walikuwa wamempoteza mtoto wa miaka 4, kwa malaria kali, mwezi Julai. Tuliongoza maziko yale sisi wenyewe, tukarudi parokiani kwa shughuli nyingine. Mtoto yule alikuwa na kuku wake aliyelala chini ya kitanda chake, na kofia ya kuku ilikuwa kofia ya marehemu. Baada ya maziko watu wazima wa nyumba ile, kwa kutaka kumkinga binti, walikubaliana wasilitaje jina la mdogo wake mbele yake. Basi alimtafuta peke yake, usiku, kwa kalamu ya wino, akijaribu njia tisa za kueleza mtu anakwendaje asirudi.

"Mbona katika kila picha kuku hafanyi lolote?" tukamwuliza.

"Anamngoja, Baba Padri. Hata sasa bado anakwenda kulala pale pale."

Mama alilia jioni ile, na binti alilia naye. Sisi tulikaa kimya, kwa maana lolote ambalo tungesema lingekuwa dogo kuliko lile lililokwisha kusemwa. Kabla hatujaondoka, mama alilipokea daftari kutoka mikononi mwetu. Alilirudisha kwa binti, akamwambia kuna jambo moja alilokosea: mdogo wake alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto. Binti akachukua kalamu.

Wazazi na walezi wapendwa, hatusemi kila kitabu cha kutisha kinamfaa kila mtoto. Wapo wanaokosa usingizi, na mzazi anayemjua mwanawe ndiye apimaye. Tena hadithi isimuliwayo ili mtoto atii kwa hofu si sawa na hadithi isimuliwayo ili hofu aliyo nayo tayari ipate sura, naye aweze kuishika mkononi. Mkimkuta mtoto ameandika au amechora jambo la giza, msilikimbilie kwa kiberiti, wala msilikimbize kwa Padri kabla hamjaketi naye. Mwombeni awasomee. Mwulizeni huyu ni nani, na yule pembeni anafanya nini. Yawezekana mkakuta ndani yake mtu mnayemlilia ninyi pia.

Binti amerudi kwenye mafundisho. Juzi alituonyesha hadithi ya 10. Haina mtoto anayepotea. Kuku amevua kofia, anaiatamia.

Tumsifu Yesu Kristo. Tuonane juma lijalo.

Paroko wenu