Ndege za Kwenye Stempu

Utotoni mwetu pale Tandala, ndege tulizisikia zaidi ya kuziona. Ukungu wa Ukinga hushuka hadi kwenye mashamba ya pareto, na mngurumo ulipita juu yake tukabaki tumeinua shingo bure. Sura za ndege nilizijulia kwenye stempu. Baba mdogo alikuwa akifanya kazi Nairobi, na bahasha zake zilikuja na stempu za Kenya, Uganda na Tanzania, zile zilizotumika nchi zote tatu. Nilizilowesha kwenye kisahani mpaka gundi iachie, kisha nikazianika juu ya gazeti.

Nilizozipenda kuliko zote zilitolewa mwaka 1967, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipotimiza miaka 21. Zilikuwa nne. Ya senti 30 ilikuwa na Dragon Rapide, ndege ambayo shirika lilianza nayo mwaka 1946: bawa juu ya bawa, yote yamechongoka nchani kama majani ya mianzi. Ndege yenyewe ni ya mbao na kitambaa, na magurudumu yake yamevishwa vifuniko vilivyoungana na injini, kiasi kwamba huoni kimoja kinapoishia. Ya shilingi 1.30 ilikuwa na Comet, yenye injini nne zilizofichwa ndani ya mashina ya mabawa. Ya 2.50 ilikuwa na Fokker ya Uholanzi. Hiyo sikuishughulikia sana.

Moyo wangu ulikuwa kwenye ya senti 50, Super VC10. Injini zote nne ziko nyuma, mbili kila ubavu, na mkia umepanda juu ukabeba bawa dogo kileleni. Mabawa makubwa ni masafi, hayakuning'iniziwa kitu. Niliona uzuri mtupu, nikaamini fundi aliichora hivyo kwa sababu ilimpendeza.

Ukubwani, nikisoma habari za kiwanda cha Vickers kilichoiunda, ndipo nilipojua sura ile ilitoka wapi. BOAC, shirika la Uingereza, lilitaka ndege ya kutua kwenye viwanja vilivyo juu na vyenye joto, Nairobi kikiwemo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi: bawa halinyanyui sawasawa, injini hupungukiwa nguvu, na ndege hudai njia ndefu ya kurukia. Wahandisi wakahamishia injini mkiani ili vibawa vya kusaidia kunyanyua vienee kwenye bawa bila kukatizwa. Kumbe mkia ule niliouhusudu ulidaiwa na nyanda za juu za Afrika! Kwa mtu wa milimani, habari hiyo ilinizidishia mapenzi.

Kilichoizaa ndicho kilichoiponza. Viwanja vilirefushwa, Boeing 707 zikatua huko huko kwa mafuta pungufu, na VC10 zikaishia 54 tu. Shirika letu lilinunua tano. Moja ilipata ajali ikijaribu kuruka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, watu 43 wakapoteza maisha. Mwaka 1977 shirika likasambaratika. Nne zilizobaki zilirudi Uingereza na jeshi la anga likazigeuza za kuzijazia ndege nyingine mafuta angani. Moja ya hizo nne, iliyokuwa 5H-MMT kwa usajili wa Tanzania, ndiyo iliyoruka safari ya mwisho kabisa ya VC10, tarehe 25 Septemba 2013.

Siku hizi napandia ndege uwanja wa Songwe. Ndege za sasa ni salama, ni tulivu, na sina ugomvi nazo. Ila ukiniwekea Airbus na Boeing pamoja uwanjani, injini mbili chini ya mabawa huku na huku, itabidi nisome maandishi. VC10 ningeitambua kwa kivuli chake. Ya mwisho kutengenezwa, mwaka 1970, ilikuwa yetu pia, 5H-MOG, na imehifadhiwa Dunsfold, Uingereza. Nikijaliwa kufika nchi ile, nitaanzia huko kabla ya London.