Koti la Kukulia

Kuna nguo moja ambayo naamini kila Mtanzania aliyelelewa kwa mshahara wa mwalimu au kwa mikungu ya ndizi ya kuuza sokoni ameivaa angalau mara moja, nayo ni koti la kukulia. Unajua ninachosema, ndugu msomaji. Mama anakupeleka Kilombero kwenye mitumba, muuzaji anachomoa koti kutoka kwenye belo, anakuvisha, mikono inameza vidole vyote, mabega yanateleza kama yanatafuta mtu mwingine wa kumkalia. Mama anarudi nyuma hatua mbili, anakuangalia, anasema: "Limekukaa. Utakua." Wewe una miaka kumi na miwili. Koti limeshonwa Ulaya kwa ajili ya mzee wa kilo mia na ushee. Na muuzaji, ambaye kwa kipaji chake angekuwa anaigiza redioni, anapiga makofi: "Dogo, hilo unaoa nalo!"

Sweta la shule ni hivyo hivyo. Huku kwetu chini ya Meru mwezi wa saba si wa mchezo, kwa hiyo sweta halina mjadala, lazima linunuliwe. Kidato cha kwanza linafika magotini, kidato cha nne linaishia kitovuni. Katikati hapo kuna kama miezi miwili mitatu ambayo lilikutosha sawasawa, nayo bahati mbaya iliangukia likizo.

Halafu kuna picha. Ukutani kwa kila mjomba ipo, ndani ya fremu yenye vumbi: kijana mwembamba, shingo ndefu, amesimama mbele ya pazia la studio lililochorwa bahari ambayo hajawahi kuiona, amevaa koti ambalo ndani yake wangeingia vijana wengine wawili na bado likafungwa vifungo. Mgeni akija lazima aonyeshwe. Na mgeni mwenye adabu lazima acheke kidogo, na mjomba naye acheke, aseme, "Enzi hizo, bwana!" Hapo chai inaletwa.

Nimeanza na koti kwa sababu nataka kumzungumzia mtu aliyeingia matatani kwa sababu ya koti, tena si lake.

Idris Sultan alizaliwa hapa hapa Arusha mwaka 1993. Wengi walimjua mwaka 2014 alipoibuka mshindi wa Big Brother Africa na kuondoka na dola 300,000, pesa ambazo machalii wa kijiweni kwetu walizigawa mara mia moja kwenye mazungumzo, kila mmoja na duka lake la jumla. Baadaye akajulikana zaidi kama mchekeshaji. Na uchekeshaji wake ni wa aina mpya kwetu. Wazee wetu wa vichekesho, akina Mzee Small na Mzee Majuto, walikuja na vazi na mwendo. Kabla mtu hajafungua kinywa ulikwisha kucheka, maana suruali ilikuwa imefungwa kifuani na tumbo la mto wa kulalia limechungulia. Redioni kulikuwa na Pwagu na Pwaguzi, hao hata kuwaona hukuwaona, ila ulijua wanakula njama na ulijua zitawarudia wenyewe. Kizazi cha Idris kinasimama peke yake na maikrofoni, kimevaa kama wewe, kinasema mambo ambayo wewe mwenyewe uliyaona asubuhi kwenye daladala. Hakuna mto tumboni. Ni mtu tu anayetazama.

Mwezi Mei 2020 Idris alitazama picha. Ilikuwa picha ya zamani ya Rais John Magufuli akiwa bado kijana, amevaa suti iliyompwaya. Akajirekodi akiitazama, akacheka. Basi. Hakutunga hadithi, hakutukana, hakuhutubia. Alicheka kama mgeni wa mjomba anavyocheka, tena labda zaidi kidogo, maana mgeni wa mjomba hulenga chai. Tarehe 19 Mei akawa mikononi mwa polisi. Akakaa ndani siku kadhaa, na tarehe 27 akapandishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam.

Na hapa ndipo mimi, mtu ninayejaribu kuandika riwaya, nilipoona kwamba maisha yananizidi kipaji. Kwenye hati ya mashtaka kicheko hakikuwemo. Koti halikuwemo. Kulikuwa na laini ya simu. Alishtakiwa kwa kutumia laini iliyokuwa ya mtu mwingine bila kuisajili kwa jina lake, na kwa kutotoa taarifa ya mabadiliko ya umiliki.

Tukumbuke ilikuwa mwaka gani. Miezi michache tu nyuma nchi nzima ilikuwa imejipanga kusajili laini kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa tarehe 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na kabla ya vidole ulitakiwa uwe na namba ya kitambulisho cha taifa. Mimi nilimsindikiza bibi yangu kwa wakala mmoja mjini. Bibi amelima kahawa na migomba maisha yake yote, vidole vimelainika kama kijiwe cha mtoni. Anaweka kidole, mashine inalia tii, inakataa. Kingine, tii. Cha mkono wa kushoto, tii. Yule kijana wa wakala jasho linamtoka, anasema, "Bibi, mashine haikutambui." Bibi akamtazama bila haraka. "Itanitambuaje, mjukuu wangu? Tangu nimefika haijaniamkia."

Foleni nzima ilicheka, na yule kijana akacheka, akamwamkia yeye kwa niaba ya mashine. Laini ilisajiliwaje hatimaye, hilo tuliache. Ninachosema ni kwamba mwaka ule karibu kila ukoo ulikuwa na laini ya bibi inayojulikana kwa jina la mjukuu, au laini ya shemeji iliyobaki kwa binamu. Ukitaka kumkamata mtu kwa kosa hilo ilibidi uanzie nyumba ya kwanza Sakina umalizie ya mwisho Usa River, ukodi na vifodi vya kuwabebea. Lakini walikuwa hawajacheka.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Idris. Oktoba 2019, Rais alipotimiza miaka 60, Idris alichezea picha mbili mtandaoni: sura yake yeye akaiweka kwenye kiti cha Rais, ya Rais akaiweka kwenye mwili wake, akaandika kwamba wabadilishane siku moja ili mwenye sherehe aifurahie siku yake kwa amani. Ukiniuliza mimi, ni zawadi ya siku ya kuzaliwa ya heshima kuliko keki. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, akamwambia haijui mipaka ya kazi yake na akamtaka aende polisi. Akaenda, akahojiwa.

Mipaka ya kazi yake. Neno hilo limenikaa kichwani tangu siku ile. Mchekeshaji mipaka yake ni ipi? Fundi bomba anajua, akimaliza bomba la nje hagusi la kwa jirani. Mchekeshaji je?

Watu wazima huku kwetu watakujibu haraka kwamba sisi tuna utani, na utani una sheria zake. Ni kweli. Mpare na Mchaga wakikutana stendi hawasalimiani, wanatukanana mpaka mgeni aite polisi. Wanyamwezi na Wazaramo wana wao, uliotokana na safari ndefu za misafara ya kwenda pwani. Mtani anafika msibani, wafiwa wanalia, yeye anamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anadai kulipwa ndipo jeneza litoke. Na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika yeye ndiye mwenye kosa, siyo mtani. Ila kuna jambo moja ambalo watu huliruka wanapousifu utani: ni barabara ya kwenda na kurudi. Leo nakutania kwenye msiba wako, kesho unakuja kwenye wangu na unanilaza chini. Hakuna mtani ambaye yeye huchekwa tu, wala ambaye yeye hucheka tu.

Hayati Magufuli mwenyewe alikuwa hodari wa kuchekesha jukwaani, tusimnyime haki yake. Alimtania waziri mbele ya umati, alimtania mkuu wa wilaya, akina mama wakashika mbavu. Mwaka 2018 Mzee Majuto alipolazwa Muhimbili alikwenda kumjulia hali, na mzee wetu akafariki tarehe 8 Agosti mwaka ule. Kwa hiyo siyo kwamba kicheko hakikupendwa. Kilipendwa sana kikiteremka. Kijana wa Arusha alikipandisha, hapo ndipo gari likakwama.

Na kinachoteremka hakikosi pa kutua. Hebu washa televisheni, au kaa kwenye onyesho lolote la vichekesho usikilize. Mmasai mlinzi anayeongea Kiswahili cha kuvunja. Msichana wa kazi aliyetoka kijijini anayeogopa friji. Mangi mwenye duka anayelala na noti chini ya godoro. Dar es Salaam ukumbi unapasuka. Huku Arusha kicheko cha Mmasai huwa kinasita kidogo katikati, na sababu ni ndogo tu: Mmasai mwenyewe amekaa pembeni yako kwenye kifodi, anazungumza na simu kwa Kiswahili kizuri kuliko cha konda, anapanga bei ya ng'ombe ambazo mimi na wewe hatutazimiliki.

Na serikali na nguo za watu wana historia ndefu kuliko tunavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakuu wa mkoa huu huu waliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai rubega na kuwavika suruali, eti ndiyo maendeleo. Mwaka 1969 ikaja Operesheni Vijana, Umoja wa Vijana wa TANU wakapambana na sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Najaribu kuwaza Mmasai wa wakati ule, ametoka Monduli na suruali ya kupewa kwa amri, inampwaya kiunoni, ameishika kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono mwingine. Waliomcheka njiani hakuna aliyewauliza kuhusu mipaka ya kazi yao.

Sisemi wachekeshaji wetu ni waoga. Ze Comedy walipoanza pale EATV miaka ya 2000, Joti, Masanja, Mpoki na wenzao, waliwaigiza wanasiasa kwa sauti na mwendo, na nchi ilikuwa inakwenda kulala mapema siku zisizokuwa zao. Watoto wa mtaani kwetu walijua kumwigiza mbunge kabla ya kujua mbunge kazi yake nini. Vyombo vilikuwa vinaoshwa huku mtu anahutubia. Lakini angalia tulipofika: leo vijana wanajaza kumbi kwa vichekesho vya kusimama, wana vipaji vya kutisha, na dakika arobaini kati ya arobaini na tano ni mke, mchepuko, mwenye nyumba na mchungaji. Mwenye nyumba nakubali, anastahili. Mimi nacheka kama wote. Ila nikitoka nje kwenye baridi huwa nahesabu nani hakutajwa.

Watu husema ile suti ilikuwa jambo dogo, kijana angetafuta jambo la maana la kukosoa. Mimi naona udogo wake ndio uliokuwa utamu. Ile picha ingeweza kuwa ya mjomba wangu. Kwa dakika moja Rais wa Jamhuri alikuwa ukutani kwetu, ndani ya fremu yenye vumbi, kijana wa Chato aliyenunuliwa nguo ya kukulia, na kweli akakua mpaka Ikulu. Ungetafuta wapi sifa kubwa kuliko hiyo? Alichotakiwa mtu kufanya ni kusema, "Enzi hizo, bwana!" na kuagiza chai.

Sisi wachache tunaoandika tunakutana Jumamosi kwenye kibanda cha mama lishe karibu na Sanawari, kila mtu na daftari lake. Mwenzetu mmoja ameandika igizo fupi la kuchekesha kuhusu mwenyekiti wa mtaa anayevaa koti kubwa ili apate mahali pa kuficha mifuko. Alitusomea, tukacheka mpaka mama lishe akaja na mwiko kusikiliza. Wiki mbili baadaye akaleta mswada wa pili. Koti lilikuwa lile lile, mifuko ile ile, ila sasa limevaliwa na mlinzi wa usiku, Mmasai, na mwenyekiti hayumo kabisa.

Nikamuuliza kwa nini.

"Mlinzi hana mtu wa kumpigia simu," akasema.

Nimemwambia amrudishie mwenyekiti koti lake. Anasema atafikiria, lakini kwanza anataka nimwonyeshe laini ninayotumia imesajiliwa kwa jina la nani.