Amana Iliyompita Jirani: Safari ya Lodwar na Kakuma



Wapenzi wasomaji, mama zetu, dada zetu na jamaa wote, tumerejea salama, walhamdulillahi, kutoka Turkana tulikokwenda kuifikisha amana mliyoikusanya kwa ajili ya wakimbizi wa Kakuma. Amana imefika. Lakini tumerudi na jambo jingine, na kulinyamazia kungekuwa khiyana.

Tulipita Nairobi na Kitale. Baada ya Kitale milima huishia nyuma ya msafiri, na mbele hubaki mchanga, mawe na miiba. Lodwar ndio makao makuu ya kaunti, kando ya mto Turkwel. Huko ndiko wakoloni walikomweka Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1959, alipomaliza kifungo chake cha Lokitaung, kwa ajili ya umbali na ukame wake. Sisi tulipokewa msikitini kwa chai na maji, tukalala kwa amani.

Asubuhi tulishika njia ya Kakuma, mwendo wa kilomita mia moja na zaidi. Kambi ile ilianza mwaka 1992 kwa vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina watu karibu 300,000: wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Wazee wetu watakumbuka kambi za Utange na Marafa hapa Pwani. Zilipofungwa katika miaka ya tisini, wengi waliokuwamo walihamishiwa Kakuma na Dadaab. Tukumbuke pia manung'uniko yetu ya siku zile, kwamba wageni wamezidi. Walipoondoka tulipumua, na wachache mno kati yetu tuliuliza wamepelekwa kwa jirani gani.

Ndani ya kambi tulipokewa na mama mmoja wa Burundi, na furaha yetu ilikuwa kusikia Kiswahili kinywani mwake. Mwaka 2025 misaada kutoka nje, hasa ya Marekani, ilikatwa, na posho ya chakula ikapunguzwa sana. Kisha wakimbizi wakapangwa makundi manne kwa kadiri ya uhitaji, na kundi la nne halikuandikiwa kitu. Watu waliandamana mwezi wa Machi, na tena mwishoni mwa Julai. Risasi zikalia, wakajeruhiwa watu, na katika maandamano ya Julai roho ikapotea.

"Shehe," alituambia yule mama, "mtoto akilia usiku nampa maji. Nilitoka kwenda kusema hivyo tu."

Tulipotoka kambini, bibi mmoja wa Kiturkana, na shanga zake shingoni hadi kidevuni, aliweka chini mzigo wake wa kuni akatusimamisha.

"Mzee, gari lenu limenipita hapa asubuhi. Wale wana kadi, mimi sina. Magari ya chakula hunipita hivyo tangu nikiwa msichana."

Tulitazama garini. Hapakubaki kitu ila tende za safari yetu. Tulimpa, akashukuru, nasi tukaona haya.

Wapenzi wasomaji, tulikwisha kusikia kwamba Waturkana hawawataki wakimbizi. Ni kweli kuna uchungu: juu ya kazi katika mashirika, juu ya kuni, maji na malisho. Mwaka 2003 wenyeji na wakimbizi walipigana hadi wakafa watu. Lakini tulipomuuliza yule bibi kama angependa kambi ifungwe, alishangaa. "Kuni zangu atanunua nani?" Miaka yote mkimbizi amekuwa akitoa sehemu ya unga wake, naye mwenyeji akimpa kuni na makaa. Posho ilipokatwa kambini, sufuria ya nje ya kambi nayo ilipungua. Njaa ile ni moja, ingawa imesimama pande mbili za njia.

Serikali nayo imejibu kwa namna nyingi. Machi 2021 ililipa Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa siku 14 kuleta mpango wa kuzifunga Kakuma na Dadaab. Machi 2025 ilizindua Mpango wa Shirika, ili kambi ziwe miji ambamo mwenyeji na mgeni hutumia shule na hospitali pamoja. Hilo ni jambo jema. Lakini mwezi uo huo wenye njaa walijibiwa kwa risasi, ilhali Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda haki ya kuandamana kwa amani bila silaha.

Tuwakumbushe watawala wetu habari ya Najashi wa Habasha. Wajumbe wa Makuraishi walipomtaka awatoe Waislamu waliokimbilia kwake, alikataa kuamua kabla ya kuwaita na kuwasikiliza. Hakuwa wa dini yao wala wa kabila lao. Yule bibi wa kuni na yule mama wa Burundi, kila mmoja ana haki ya kusikilizwa namna hiyo.

Nasi tujihukumu kwanza. Amana yetu ilimpita jirani mlangoni, na jirani katika dini yetu ana haki hata akiwa si Muislamu. Basi tunapendekeza kwamba mchango ujao ugawanywe: fungu la kambini, na fungu la Waturkana wanaoizunguka, likitolewa siku moja na mahali pamoja, ili waonane wakipokea. Mama wa nyumba wanaoshika hesabu ya mchango watuletee rai zao baada ya swala ya Ijumaa.

Na nyumbani, watoto wetu wakisikia mtu akimdharau mgeni wa mtaani, tuwaeleze kwamba Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alikuwa mhajiri, na kwamba Ansari waliompokea nao walikuwa na haja zao.

Mwenyezi Mungu awashibishe wa kambini na wa nje ya kambi, na atutakabalie kidogo tulichotoa. Amin.

Wabillahi tawfiq.