Kahawa ya Milimani na Mdudu Apandaye na Joto

Mji wa Bujumbura, ambao hadi mwaka 1962 uliitwa Usumbura, umekaa kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika, mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni ya joto mwaka mzima. Katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza Kiswahili husikika tangu alfajiri, na msafiri atokaye Kigoma hajioni mgeni. Ingawa Gitega ilifanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, biashara imebaki Bujumbura. Na kwa miaka mingi kahawa ya Burundi imeshuka hapa, ikavuka ziwa hadi Kigoma, kisha ikafuata reli mpaka bandari ya Dar es Salaam.

Lakini kahawa hiyo haitoki mjini. Anayetaka kuiona ikiwa shambani hana budi kuufuata ule mlima usimamao nyuma ya mji kama ukuta.

NJIA YA KUPANDA

Barabara ya kwenda Kayanza huanza kupanda mara tu mji unapoachwa. Vijana wa baiskeli hujishikiza nyuma ya malori ili wavutwe hadi juu, na wengine huteremka kwa kasi ya kutisha wakiwa wamebeba mikungu ya ndizi. Michikichi hubaki chini, migomba huongezeka, na hewa hupoa kila kona. Bugarama, kilomita zipatazo 35 tu kutoka ziwani, ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari; hapo wauza karoti na kabichi hujifunika mablanketi. Mbele yake ni msitu wa Kibira, na baada ya hapo ndipo vilima vya Kayanza na Ngozi, makao ya kahawa ya arabika. Mamia ya maelfu ya kaya za Burundi hutegemea mibuni hiyo kwa karo ya shule, dawa na mabati ya nyumba.

Katika safari hiyo ya saa chache, msafiri hupita ngome iliyoilinda kahawa ya Burundi kwa miaka mingi bila kulipwa mshahara. Ngome hiyo ni baridi.

ADUI ALIYE NDANI YA PUNJE

Adui anayezuiwa na baridi hiyo ni mbawakavu mweusi asiyefika milimita mbili, ambaye wakulima wa Tanzania humwita ruhuka. Ni jamaa wa wale mbawakavu wa magome wanaoangusha misonobari ya Ulaya na Marekani. Tofauti ni kwamba huyu ameacha gome, akachagua punje ya kahawa. Wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1867, baada ya kumkuta katika kahawa iliyopelekwa Ufaransa. Asili yake ni Afrika. Mwaka 1901 alionekana mashambani Gabon, mwaka 1913 akafika Brazil, mwaka 1988 Colombia, na mwaka 2010 visiwa vya Hawaii.

Maisha yake ni ya ajabu. Jike hutoboa tunda kwenye kitovu chake, akaingia ndani ya punje na kutaga mayai humo. Watoto wakikua, kila ndume mmoja huwa na dada wapatao kumi. Ndume hana uwezo wa kuruka. Huwapanda dada zake mle mle gizani, kisha hufia humo. Madada hutoka wakiwa tayari wana mimba, kila mmoja akitafuta tunda lake. Kwa hiyo jike mmoja tu, akipeperushwa na upepo au akifichwa katika gunia, aweza kuanzisha ukoo mzima mahali papya.

Kwa ajili ya ndoa hizo za ndugu, wataalamu waliolinganisha chembe za urithi za mdudu huyu katika nchi mbalimbali walikuta tofauti ndogo sana, hasa Amerika, alikofika kama mgeni. Mtu angeweza kudhani kwamba kiumbe wa damu moja ni dhaifu. Sivyo. Ndume huwarithisha watoto wake kile tu alichokipata kwa mama yake, na hivyo chembe inayokinza dawa haifichiki bali huenea haraka. Ndivyo ilivyotokea katika kisiwa cha New Caledonia katika miaka ya 1980, ambapo dawa ya endosulfan, iliyotegemewa sana, ilishindwa kumuua. Kupulizia dawa ile ile kila mwaka ni kumchagulia adui askari wake bora.

JOTO NA MTI

Mambo mawili ndiyo yanayoamua ni ukoo upi utakaodumu: joto na mti. Mdudu huyu hakui chini ya nyuzi 15 hivi za joto, wala hastawi juu ya nyuzi 32. Katika bonde la joto, na hasa penye kahawa ya robusta inayozaa mara kwa mara, hupata chakula mfululizo. Huko juu arabika huwa na msimu mmoja mkubwa wa mavuno, na mdudu hulazimika kungoja katika matunda makavu yaliyosahauliwa.

Sasa ngome inalegea. Katika miteremko ya Kilimanjaro watafiti wameeleza kwamba mdudu huyu amepanda kiasi cha mita 300 katika miaka kumi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulitabiri kwamba hali itazidi kuwa mbaya katika mashamba ya arabika ya Afrika Mashariki, yakiwamo ya sehemu kubwa ya Rwanda na Burundi. Na mti anaoukuta huko juu ni wa ukoo mwembamba vilevile: mibuni mingi ya Burundi ni ya mbegu ya Bourbon, iliyotokana na miti michache iliyokuzwa katika kisiwa cha Réunion. Udhaifu wa mmoja ni udhaifu wa shamba zima.

KAZI YA FAMILIA

Hata hivyo, silaha kubwa haiuzwi dukani. Ni mikono ya watu wa nyumbani. Mavuno yakiisha, kila tunda lililobaki mtini au kuanguka chini liokotwe, kwa kuwa ndilo kambi ya adui mpaka msimu ujao. Matunda yaliyotobolewa yatumbukizwe katika maji yanayochemka, yasitupwe kando ya shamba. Mibuni ipogolewe, na miti ya kivuli ipandwe kwa kiasi ili kupunguza joto, lakini isisongamane hadi kuleta unyevu mwingi. Magunia yaliyotoka bondeni yakaguliwe kabla ya kupandishwa mlimani.

Kazi hiyo ni ya kuinama na kuokota, na hata mtoto aweza kusaidia baada ya masomo. Punje moja iliyoachwa chini yaweza kuwa na majike kumi na zaidi. Aliyeiokota amewazuia wote kabla hawajaruka.